Mate ya mvutaji wa tumbaku: hayapungui tu, yanageuka

Darubini (mwanzisha uzi, Kadutu, Bukavu)

Wapendwa, nawasalimu nyote. Kazi yangu ni ya maabara, na sehemu kubwa ya asubuhi zangu ninaitumia kupokea vikopo vya watu wanaopimwa kifua kikuu. Sentensi ninayoirudia kuliko zote ni hii: «Mama, haya ni mate, mimi ninahitaji makohozi.» Kwa miaka mingi nimeyakataa mate, nimeyamwaga, nimeyawekea dawa ya kuua vijidudu, bila kuyafikiria hata kidogo. Majuzi mwanafunzi aliye katika mafunzo ya vitendo aliniuliza kwa nini vikopo vya baadhi ya wavutaji hurudi na mate mazito yanayonata, ilhali ya wengine ni mepesi kama maji. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Mimi mwenyewe nilivuta sigara kwa miaka 11 kabla ya kuacha, kwa hiyo swali lilinigusa mara mbili, nikaenda kusoma.

Mate ni maji kwa zaidi ya asilimia 99, na ndiyo sababu tunayadharau. Lakini katika ile sehemu ndogo iliyobaki mna kazi yote: bikaboneti inayopooza asidi, kalsiamu na fosfeti zinazorudisha madini kwenye jino, ute unaolainisha, kimeng'enya cha amilesi kinachoanza kuvunja wanga wa bugali kabla haujafika tumboni, kingamwili aina ya IgA, na kundi la protini zinazoua au kuzuia bakteria. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Yanatoka katika jozi tatu za tezi kubwa, yaani zile za mbele ya masikio, za chini ya taya na za chini ya ulimi, pamoja na mamia ya tezi ndogo zilizotawanyika mdomoni kote.

Jambo ninalotaka tulijadili ni moja. Wengi wetu tukisikia kwamba tumbaku huharibu mate, tunafikiria ukavu, yaani kiasi. Kwa jinsi ninavyoelewa sasa, kiasi ndiyo habari ndogo. Habari kubwa ni kwamba muundo wa mate wenyewe unageuka, na mfano unaonishangaza kuliko yote ni wa kimeng'enya kiitwacho peroksidasi.

Moshi wa tumbaku una sianidi ya hidrojeni. Mwili una njia ya kujikinga nayo: katika ini kimeng'enya kimoja huiunganisha sianidi na salfa na kuifanya thiosianati, ambayo haina ukali wa sianidi. Thiosianati hiyo hutoka kwa mkojo, lakini pia tezi za mate huivuta kutoka kwenye damu na kuikusanya, hata ikawa nyingi zaidi katika mate kuliko katika damu. Kila mtu anayo kiasi. Mvutaji anayo zaidi, mara nyingi maradufu au zaidi ya hapo. Peroksidasi ya mate huichukua thiosianati hiyo hiyo, ikaichanganya na peroksidi ya hidrojeni inayotolewa na bakteria, na kutengeneza kitu kinachozuia bakteria hao kukua. Kwa hesabu ya haraka, basi, mvutaji angepaswa kuwa na kinga bora zaidi kwa sababu ana malighafi tele.

Hali ni kinyume. Ile sianidi iliyomo katika moshi, kabla hata ya kufika kwenye ini, hukutana na peroksidasi palepale mdomoni, ikajishikiza kwenye chembe ya chuma iliyo katikati ya kimeng'enya hicho, na kukizima. Watafiti wa Haifa, Israeli, walipima mate kabla na baada ya sigara moja tu, wakakuta utendaji wa peroksidasi umeshuka sana. Kwa hiyo malighafi imejaa ghalani lakini fundi amefungwa mikono, na ile peroksidi ya hidrojeni ambayo fundi alikuwa akiitumia inabaki inazurura. Mate yana chembe za chuma na shaba. Zikikutana na peroksidi iliyoachwa hivyo, huzaliwa radikali huru ambazo hushambulia chembe za ngozi ya ndani ya mdomo. Maji yaliyokuwa yanatulinda yanaanza kutudhuru.

Ningependa kusikia mawazo yenu, hasa ya walio katika fani ya meno.

---

MzeeKiko (Bagira)

Mwanangu Darubini, nimesoma kwa makini, ila nina pingamizi. Mimi ninavuta kiko tangu ujana wangu, tumbaku ya majani inayouzwa kwa mafungu sokoni, na sijawahi kuwa na mdomo mkavu. Kinyume chake, nikiwasha kiko mate hunijaa hata nikalazimika kutema, na wajukuu wangu wananilalamikia kwa sababu hiyo. Mtu akiniambia kwamba tumbaku inapunguza mate, naona kama anazungumzia watu wengine.

---

Darubini

Mzee wangu, shikamoo. Unachokieleza ni cha kweli, na hakipingani na nilichoandika. Kuna mambo mawili hapa ambayo ni lazima tuyatenganishe. La kwanza ni kile kinachotokea wakati kiko kinawaka: ladha kali, joto, na nikotini yenyewe huzisisimua neva zinazoamuru tezi, na mate hutoka kwa wingi. La pili ni kiasi ambacho tezi hutoa zikiwa zimetulia, hakuna kiko wala chakula, baada ya miaka mingi ya kuvuta.

Kuhusu hilo la pili, utafiti uliochapishwa Iran mwaka 2010 uliwalinganisha wavutaji 100 na wasiovuta 100. Wavutaji walitoa kwa wastani mililita 0.38 za mate kwa dakika, wasiovuta 0.56. Nakiri kwamba tafiti nyingine hazikuona tofauti kubwa kiasi hicho, na ndiyo sababu niliandika kwamba kiasi ni habari ndogo. Mtu anaweza kuwa na mate tele na bado yakawa mate dhaifu, kama vile chai inavyoweza kujaa kikombe na isiwe na majani.

---

Jino la Hekima (tabibu wa meno, mtaa wa Essence, Bukavu)

Ninawashukuru kwa mjadala huu. Ni nadra mate kupewa heshima ya uzi mzima. Nitaongeza upande wa asidi, kwa sababu ndio ninaouona kila siku kwenye kiti changu.

Mate ya kawaida huwa na pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) kati ya 6.2 na 7.6 hivi. Tabaka gumu la nje la jino, enameli, huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya takriban 5.5. Mzizi wa jino, ambao hauna enameli, huanza kupoteza madini mapema zaidi, pH ikiwa bado juu ya 6. Kila mara unapokunywa chai yenye sukari, bakteria wa ukoga huigeuza sukari kuwa asidi, pH juu ya jino hushuka ndani ya dakika chache, kisha mate huirudisha polepole kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima. Anayeirudisha ni bikaboneti hasa. Kwa wavutaji wa muda mrefu, tafiti nyingi zimekuta pH ya mate iko chini kidogo na uwezo wa kupooza asidi umepungua. Tofauti hiyo ukiitazama kwenye karatasi ni ndogo, lakini izidishe kwa vikombe vitano vya chai kwa siku, kila siku, kwa miaka ishirini.

Hapo ndipo ufizi unapoingia. Mvutaji huugua ufizi zaidi, ufizi ukirudi nyuma mzizi unabaki wazi, na mzizi ulio wazi ndio ule usiostahimili asidi hata ndogo. Kwa hiyo mate yaliyodhoofika na ufizi uliorudi nyuma vinakutana mahali pamoja. IgA katika mate nayo mara nyingi hukutwa imepungua, na bakteria wanaopenda mahali pasipo hewa wanapata nafasi.

Kuna hila moja ambayo ningependa kila mvutaji aijue. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo ufizi wa mvutaji hautoki damu kwa urahisi anapopiga mswaki. Watu huja kwangu wakisema, «Docta, ufizi wangu ni mzima, hautoki damu,» nami nikipima nakuta mfupa umeshaliwa nusu. Wengine wakiacha kuvuta wanashtuka kuona damu kwa mara ya kwanza, wakadhani kuacha ndiko kulikowaletea ugonjwa, wakarudia sigara. Ni mishipa tu iliyofunguka.

Mzee Kiko, kwa heshima, ungenifurahisha ungefungua kinywa mbele ya kioo na kutazama kaakaa. Kwa wavutaji wa kiko, joto la moshi huifanya ngozi ya kaakaa kuwa nyeupe na nene, na katikati ya weupe huo huonekana vidoa vyekundu. Vidoa hivyo ni midomo ya tezi ndogo za mate zilizovimba. Mara nyingi hali hiyo hurudi kuwa ya kawaida mtu akiacha, lakini inafaa kuonwa na mtu wa fani.

Darubini, nina tahadhari moja kwako. Usiyaachie mate lawama yote. Mvutaji wa hapa kwetu mara nyingi hana pesa ya kusafisha meno kwa tabibu, na anakunywa chai yenye sukari nyingi ili kuidanganya njaa. Kutenga sehemu ya mate katika hayo yote si rahisi.

---

Binti wa Idjwi

Naomba niulize kama mtu wa nje ya fani. Ndugu Darubini amesema kwamba thiosianati inatokana na sianidi. Sisi wa kisiwa cha Idjwi tumekua tukiambiwa kwamba mihogo michungu nayo ina sianidi, ndiyo sababu lazima ivundikwe majini kwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa. Nyanya yangu hajawahi kugusa sigara maishani mwake, lakini bugali ya mihogo anakula mara mbili kwa siku. Je, mate yake yakipimwa, yataonekana kama ya mvutaji?

---

Darubini

Dada, umeuliza swali ambalo mimi mwenye maabara nilipaswa kujiuliza kwanza.

Jibu ni kwamba ndiyo, kwa kipimo cha thiosianati anaweza kabisa kuonekana hivyo. Mihogo ina kitu kiitwacho linamarini, ambacho hutoa sianidi mihogo inapokatwa, inapopondwa au inapomeng'enywa. Kuvundika na kuanika huondoa sehemu kubwa, lakini wakati wa njaa au wa vita watu hufupisha siku za kuvundika, na kinachobaki huingia mwilini. Ini halijui kama sianidi imetoka kwenye sigara au kwenye sahani. Linaigeuza thiosianati vilevile, na tezi za mate zinaikusanya vilevile.

Wewe kwa kuwa ni wa Idjwi utafurahi, au utahuzunika, kujua kwamba kisiwa chenu kimo katika vitabu vya tiba duniani kwa sababu hii hii. Katika miaka ya 1960 watafiti walichunguza rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, huko. Wakaona kwamba upungufu wa madini joto ulikuwa mkubwa kaskazini na kusini-magharibi kwa karibu kiwango kimoja, lakini rovu lilikuwa limeenea kaskazini kuliko upande wa pili. Madini joto peke yake hayakutosha kueleza tofauti hiyo, na mihogo ikawa miongoni mwa washukiwa wakuu, kwa sababu thiosianati hushindana na madini joto mlangoni mwa tezi ya shingo na kuyazuia kuingia. Mvutaji anayeishi kwa bugali ya mihogo, mahali ambapo chumvi yenye madini joto haifiki vizuri, anajiongezea mzigo uleule kwa mlango mwingine.

Kwa sababu hiyo, mtu akitaka kujua nani anavuta na nani havuti katika mkoa wetu, thiosianati ni shahidi asiyeaminika. Ina pia ubaya wa kukaa mwilini muda mrefu, kwani hupungua kwa nusu baada ya wiki moja hadi mbili hivi. Shahidi mzuri ni kotinini, kitu ambacho mwili hukitengeneza kutoka kwa nikotini. Nikotini yenyewe hupungua kwa nusu ndani ya saa 2 hivi, kotinini ndani ya saa 16 hadi 20, kwa hiyo inatosha kusoma habari za siku mbili tatu zilizopita. Inapita kwenye mate bila shida, na haitokani na mihogo. Hospitali nyingi ulimwenguni huipima kwa mate tu, bila kumchoma mtu sindano. Nyanya yako angetoka salama kabisa kwenye kipimo hicho, labda awe anaishi chumba kimoja na mvutaji, ambapo kingeonekana kiasi kidogo.

---

Kijana wa Nguba

Je, chicha, yaani shisha, kile kiko cha maji? Rafiki zangu wanasema kwamba moshi ukipita kwenye maji husafishwa, kwa hiyo mate hayawezi kuathirika.

---

Jino la Hekima

Maji huupoza moshi, na moshi uliopozwa unavutwa kwa wingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Nikotini, aldehaidi (kundi la kemikali kali za moshi) na hewa ya kaboni monoksidi zinapita. Zaidi ya hayo, mkia mmoja wa chicha unazunguka midomo sita katika baa, na hapo mate ya kila mmoja yanakuwa suala la wote.

Kwa kuwa umezitaja baa, niongeze jambo ambalo limesahaulika katika uzi huu. Sigara huambatana na bia ya Primus, kasiksi (pombe ya ndizi) au, kwa wasiojali uhai wao, kanyanga (pombe kali ya kienyeji). Pombe mwilini hugeuka kuwa asetaldehaidi, na bakteria wa mdomoni huifanya kazi hiyo pia, papo hapo ndani ya mate. Moshi wa sigara nao una asetaldehaidi yake, na mdomo wa mvutaji una bakteria wanaoizalisha kwa wingi zaidi. Mtu akivuta huku anakunywa, kiwango katika mate yake hupanda kuliko kwa anayefanya moja tu kati ya hayo mawili. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, liliiweka asetaldehaidi inayotokana na unywaji wa pombe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2009. Mate hayo ndiyo tunayoyameza usiku kucha, na yanapita koo na umio kila mara.

---

Darubini

Asante sana, Docta. Hapo umenikumbusha aldehaidi nyingine, akroleini, iliyomo katika moshi. Hiyo hujishikiza kwenye sehemu zenye salfa za protini na kuzilemaza. Amilesi ni mojawapo ya vimeng'enya vilivyoonekana kudhoofika mate yanapokutana na moshi. Mate yana glutathioni, ambayo hujitoa kafara kwa kuinasa akroleini kabla haijafika kwenye vimeng'enya, lakini kiasi chake ni kidogo na sigara moja inatosha kukishusha. Ndiyo maana sigara ya kumi ya siku haikuti mdomo uleule uliokutwa na sigara ya kwanza.

---

MzeeKiko

Nimeenda mbele ya kioo kama nilivyoambiwa. Mjukuu alinishikia tochi ya simu. Weupe upo, na vidoa vipo. Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kuishi na kaakaa lake miaka yote hiyo bila kulitazama.

Sasa nataka kupima hayo mate, niyaone kwa namba. Inawezekana nyumbani?

---

Darubini

Inawezekana, Mzee, na haihitaji mashine. Asubuhi, usile, usinywe, usivute wala usipige mswaki kwa saa moja nzima. Kaa wima, meza mate yaliyopo, kisha inamisha kichwa kidogo juu ya kikombe safi na uache mate yadondoke yenyewe kwa dakika 5 bila kutafuna wala kuchezesha ulimi. Mwishoni tema yaliyobaki ndani ya kikombe hicho. Yavute kwa sirinji mpya isiyo na sindano ili usome mililita, na usihesabu povu. Kwa dakika 5, kati ya mililita 1.5 na 2 ni hali ya kawaida. Chini ya 0.5 ni kidogo mno na inabidi kuonana na mganga.

---

MzeeKiko (siku mbili baadaye)

Nimepata 0.8. Nilirudia leo asubuhi, nikapata 0.7. Mimi niliyekuwa nikijigamba kwamba mate yananijaa.

---

Jino la Hekima

Papa, hiyo haijafika mahali pa kuogopesha, lakini iko chini, na sitaki tukiandikie kiko kosa lote kabla ya kuuliza. Je, unatumia dawa zozote za kila siku? Baadhi ya dawa za presha, za mzio na za usingizi hupunguza mate peke yake, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta.

---

MzeeKiko

Ninazo mbili za presha, na kimoja cha usingizi ambacho mwanangu alininunulia.

---

Jino la Hekima

Usiache hata kimoja bila kumwuliza aliyekuandikia. Alhamisi uje Essence pamoja na maboksi yake yote matatu, na kama unaweza, uje bila kuvuta tangu usiku. Nitakupima tena mwenyewe, kisha tutalitazama lile kaakaa.